Farasi mwenye papara hatulizwi kwa kuvutwa mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikirefusha sana mnikate tu ila ile sehemu ya meno msiiguse. Nimesoma barua ya yule msomaji anayesema farasi wake akishatandikwa anakuwa kama kawashiwa moto mkiani, hatembei, kila hatua ni troti (ule mwendo wa mbio ndogo) ya kurukaruka, anavuta mpaka mikono ya bwana huyo inatoka malengelenge, na akauliza atafute lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, gani kali zaidi maana hili alilonalo halimshiki tena. Wakamjibu watu wawili, mmoja akamwambia anunue lijamu lenye mnyororo chini ya kidevu na mwingine akamwambia amkimbize shoti kila asubuhi mpaka achoke, akichoka atatulia. Mimi nikabaki na gazeti mkononi nikasema jamani huyu mtu ataumia, na farasi wake ataumia kabla yake, kwasababu yote mawili nimeshayafanya mimi mwenyewe.

Nilikuwa na farasi jike, kahawia inayoelekea wekundu, tulimwita Kiberiti na jina alilistahili. Ukimkuta bandani mpole kabisa, watoto walikuwa wanapita chini ya tumbo lake (siwashauri, farasi ni farasi). Lakini weka tandiko, panda, basi imekwisha. Kichwa juu, mgongo unabonyea, masikio hayatulii, mkia unapiga huku na huku na nzi hakuna, hatua fupifupi za haraka kama cherehani. Watu wakawa wananiambia una farasi mwenye nguvu wewe, na mimi kwa ujinga wangu nikawa najisikia. Nguvu gani! Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba ile ni hofu, ukichanganya na maumivu, ukichanganya na kushindwa kujiweka sawa akiwa na mtu mgongoni, maana farasi mwenye nguvu zake sawasawa anaweza kutembea polepole na mzigo juu, huyu alikuwa anakimbia ili asianguke, kama mtu anayeteremka mlima mkali miguu ikamtangulia.

Tuanze na huko kuvuta. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, hana pembe wala makucha, alichopewa ni miguu. Macho yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, nyuzi zinazokaribia 350, kasoro kisehemu kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Akishtuka jibu la kwanza ni kuondoka, kufikiri kunafuata baadaye akishafika mbali. Sasa wewe umekaa mgongoni, palepale ambapo simba angemrukia, umembana kwa miguu, halafu unamvuta mdomo. Na lijamu halikai kwenye meno kama wengi wanavodhani, linakaa pale penye uwazi kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ufizi mwembamba, na chini ya ufizi ni mfupa. Bonyeza kwa kidole ufizi wako mwenyewe uone. Kwa hiyo mnyama anakimbia kinachomuuma, na kinachomuuma kiko mdomoni mwake, anakimbia nacho. Wewe unaona kaongeza mwendo unavuta zaidi, yeye anaona maumivu yameongezeka anakimbia zaidi, mnashindana kuvutana kamba na mnyama wa kilo 500. Sijawahi kuona mtu kashinda hiyo mechi.

Lile lijamu kali nililomnunulia Kiberiti lilifanya kazi siku tatu. Siku tatu alikuwa malaika, nikawatambia wenzangu. Wiki ya pili akajifunza kurudisha kidevu kifuani ili lijamu lisimshike, wiki ya nne nikiwa nimevuta hatamu zote mbili kwa hasira zangu akasimama kwa miguu ya nyuma, wima, nikateleza mpaka chini nikadondokea bega. Kumbe nilikuwa nimemfungia njia ya mbele na nyuma nimembana kwa visigino, ikabaki njia moja tu ya kwenda, juu.

Na ile ya kumkimbiza mpaka achoke ndo usiseme. Siku ya kwanza atachoka kweli. Lakini fikiria, mwanariadha anafanyaje mazoezi? Si hivohivo? Unamjengea pumzi, unamjengea misuli, baada ya mwezi shoti ile iliyokuwa inamchosha ni ya kupashia mwili moto tu, na ndani ya hiyo miezi yote umemfundisha kwamba tandiko likiwekwa maana yake ni mbio. Mimi nilipata farasi mwenye papara ileile ila sasa ana pumzi ya kwenda nayo asubuhi nzima.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja saisi, yaani mtunza farasi, mtu wa maneno machache, alikuja kuniona niko na bega nimelifunga kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia, akamzunguka Kiberiti mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, umeshawahi kumfungua kinywa huyu ukamwangalia?" Nikamwambia hapana mzee. Hakunisema, alitikisa kichwa tu, na kile kichwa kilinisema kuliko matusi.

Hii ndo sehemu ya meno mhariri. Meno ya farasi yanaendelea kusogea nje miaka mingi huku yakilika kwa kutafuna, na taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo hayasagani sawa kingo kwa kingo, ya juu yanabaki na ncha kali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi. Daktari wa mifugo alipomwekea kile chuma cha kushikilia mdomo wazi akaniambia weka kidole hapa, nikaweka, ilikuwa kama ukingo wa bati. Ndani ya shavu vidonda, vipya na makovu ya zamani. Sasa kila nilipovuta hatamu shavu lilikuwa linabanwa kwenye zile ncha. Miaka miwili! Na mimi namwita mkaidi. Yakasagwa kwa tupa siku hiyohiyo, na tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila kukaguliwa.

Halafu tandiko. Tulimvua akiwa na jasho, mzee akanionyesha, mgongo wote umelowa isipokuwa viraka viwili vikavu nyuma ya mabega, na palepale vinyweleo vyeupe vimeanza kuota. Pakavu katikati ya jasho maana yake tandiko limekandamiza hapo kuliko kwingine, na vinyweleo vyeupe ni kovu la mgandamizo wa muda mrefu. Farasi anabadilika umbo bwana, ananenepa, anakonda, anajenga misuli, tandiko lililomkaa vizuri mwaka juzi leo linamfinya kama kiatu cha shule cha mtoto aliyekua.

Tumbo nalo, nitalipita haraka lakini msilipuuze. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote awe anakula au hali, na mate ya kuipoza asidi hiyo yanatoka akitafuna tu. Akiwa malishoni anakula kidogokidogo hata saa 16 kwa siku, sisi tunamfungia bandani tunamwekea ndoo ya nafaka asubuhi na jioni halafu tunashangaa ana vidonda vya tumbo na akikazwa mkanda wa tandiko anageuka kutaka kung'ata. Nafaka nyingi pia ni kumtilia mafuta kwenye moto. Majani mengi, nafaka kidogo kadiri ya kazi anayofanya, na muda wa kuzurura nje na wenzake, nusu ya papara ya farasi wengi iko hapo.

Haya, sema daktari kakagua, meno sawa, tandiko sawa, tumbo sawa, na bado akipandwa anakimbia. Maana na Kiberiti hakutulia siku ileile, mwili ulipona ila akili ilikuwa bado inakumbuka. Hapo sasa kazi inahamia kwa mpandaji na hapa ndipo watu wanachukia kusikia.

Mwaka 2009 kuna watafiti Sweden walitoa matokeo ya jaribio moja ambalo nalipenda sana. Waliwachukua watu, wengine wakimwongoza farasi kwa kamba na wengine wakiwa wamempanda, wakawapitisha njia ileile mara kadhaa, kisha wakawaambia mara ya nne mkipita hapa mwamvuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwamvuli haukufunguliwa, hakuna kilichotokea. Lakini mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda, farasi ambaye hakuambiwa habari ya mwamvuli wowote. Nani alimwambia? Mwili wa mtu ulimwambia. Huyu ni mnyama ambaye nzi mmoja akitua ubavuni anatikisa ngozi ya palepale tu nzi aruke, unadhani hasikii mapaja yako yamekaza? hasikii umebana pumzi?

Kwa hiyo kitu cha kwanza ukiwa juu ni kutoa pumzi. Sio kuvuta, kutoa, ndefu, mpaka iishe, mabega yashuke. Ukishindwa imba, mimi sauti yangu ni mbovu lakini mtu hawezi kuimba huku kabana pumzi, na farasi hajali sauti. Halafu angalia magoti. Mtu akiogopa anabana magoti, akibana magoti kisigino kinapanda, kikipanda kinamgusa farasi ubavuni, na kugusa ubavuni si ndo tulimfundisha maana yake nenda? Yaani mikono inasema simama na miguu inasema kimbia, na unamlaumu yeye kwa kuchanganyikiwa. Legeza mapaja, acha uzito ushuke kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, macho mbele, usiangalie masikio yake kama unasoma barua ya deni.

Kisha mikono. Hapa mzee alinipa sentensi moja, "Omba, ukipewa achia, usipopewa achia halafu omba tena." Usining'inie. Farasi akipewa kitu cha kuegemea ataegemea, ndivyo alivyo, ukikisukuma kifua chake mfululizo na yeye anakusukuma. Lakini ukishika na kuachia, kushika na kuachia, hana cha kuvutana nacho. Na kile kuachia ndo somo lenyewe, anajifunza kutokana na kitulizo sio kutokana na mvuto, akipunguza hata nusu hatua vidole vinafunguka palepale, ukichelewa sekunde mbili ameshafanya kitu kingine na hajui umemsifia nini.

Siku ya kwanza kuachia hatamu kwa farasi anayekimbia, niwe mkweli, niliona kama najitupa kisimani. Tulianzia uwanja wenye uzio, mwendo wa kutembea tu, mzee kasimama katikati mikono nyuma. Nikasogeza mkono mmoja mbele kando ya shingo, hatua tatu, nikarudisha. Akaharakisha. Nikamgeuza kwenye duara, nikaomba, nikaachia. Akaharakisha tena. Nadhani mara ya ishirini na kitu hivi, nikiwa nimeshakata tamaa na mzee kashaanza kuangalia saa, shingo ikashuka kama mtu kakata kamba, akatoa pumzi kwa pua ile brrr ndefu, hatua zikawa ndefu. Sijui kwanini nililia. Tukashuka palepale, tandiko likatolewa, siku ikaishia hapo, dakika kama ishirini na tano zote. Mzee alikataa katakata nisimwombe tena, akasema ukimfundisha mtoto kuandika jina lake siku hiyohiyo unataka aandike na barua?

Duara ni rafiki mkubwa wa farasi wa namna hii, kwasababu kwenye mstari mrefu mwendo unajijenga wenyewe na kwenye duara lazima apinde mwili na apime hatua. Anza na duara kubwa, mita 20 upana, akiharakisha punguza kidogokidogo, akitulia mpanulie kama zawadi. Usimkate ghafla kwenye kiduara kidogo akiwa kasi, mguu unateleza mnaanguka wote. Badilisha upande mara kwa mara, piga umbo la nane, tembea hatua kumi simama, tembea tano simama, rudi nyuma hatua moja, nenda. Lengo ni aanze kujiuliza huyu atataka nini sasa, farasi anayejiuliza hana nafasi ya kukimbia. Unaweza kulaza magogo membamba chini avuke akitembea, atashusha kichwa kuyaangalia mwenyewe bila kushurutishwa, na kichwa kikishuka mgongo unapanda. Kuna wanaoyapanga sita kwa mpigo kwa farasi mwenye papara, mimi sikubaliani, ataona ni mashindano, anza na moja.

Kwenye troti kuna siri ndogo ambayo naona watu wengi hawaitumii. Ukiwa unainuka na kukaa kwa mdundo wa troti, wewe punguza mdundo wako, inuka taratibu kidogo kuliko anavyotaka yeye, kaa taratibu kuliko anavyotaka. Ataona mzigo umechelewa, haumpati sawa, na farasi wengi wanarudi wenyewe kukutafuta. Hatamu hujazigusa. Kiberiti alikuwa anarudi ndani ya hatua nne tano.

Na ukimsifia acheni kumpigapiga shingo paa paa paa, sisi tunaona ni pongezi yeye anapigwa. Farasi wakipendana wanakunana kwa meno pale singa (zile nywele za shingoni) inapoishia, shingo inapoungana na mgongo, mbele ya tandiko. Mwaka 1993 kuna utafiti ulitolewa kwamba ukimkuna hapo mapigo ya moyo yanashuka, na kumkuna sehemu nyingine hakukuwa na matokeo hayo. Ni mkono unafika bila hata kuinama, kuna na vidole viwili huku unatembea.

Kurudi nyumbani ni mtihani wake. Farasi ambaye kaenda vizuri saa nzima, ukimgeuza kuelekea bandani anakuwa mwingine. Mimi nilichofanya nikageuza hesabu, mapumziko tukawa tunafanyia mbali, nashuka, nalegeza mkanda, anakula majani dakika kumi, halafu tukifika karibu na banda ndo kazi inaanza, duara, simama, umbo la nane, mara nyingine tunapita banda tunaendelea mbele. Haikuchukua hata mwezi akaacha kuwa na haraka na banda. Akiharakisha kwasababu wenzake wako mbele usishindane naye, omba wenzako wapunguze, hakuna aibu, mkae zamu mbele na nyuma ili azoee kote.

Ikitokea ameshachomoka kabisa, mbio za kweli, haya yote niliyosema hayana nafasi. Usipige kelele, usiegemee mbele maana hiyo ni ishara ya kuongeza, kaa nyuma kidogo uzito chini, shika singa au mbele ya tandiko kwa mkono mmoja, mwingine uvute na kuachia, na pakiwa na nafasi mpeleke kwenye duara pana linaloendelea kupungua. Wengine wanafundisha kumkunja shingo kwa hatamu moja, ni kitu kizuri kama alishafundishwa akiwa amesimama na akitembea, ila kumjaribishia mara ya kwanza akiwa shoti ni kuomba kaburi. Na kofia ngumu jamani. Naona picha za watu kwenye farasi wenye papara kichwani kapelo.

Kiberiti alichukua miezi kama minane mpaka nikasema sasa ni farasi mwingine, na kuna siku za upepo alirudia mambo yake mpaka mwisho, siwadanganyi. Lijamu kali nililiuza, bei ya kutupa, aliyenunua nilimwambia alitundike ukutani, sijui kama alinisikia.

Kwa hiyo yule ndugu asinunue kitu kwanza. Amwite daktari wa mifugo amfungue farasi wake kinywa, aweke kidole kwenye yale magego mwenyewe, amvue tandiko akiwa na jasho aangalie mgongo, halafu aandike tena hapa atuambie kakuta nini. Nitakuwa naitafuta barua yake.

Ni mimi msomaji wako,
mwenye bega bovu la kushoto